PIN ya Bluetooth Si PIN ya Pesa

Tuseme una duka hapa Lanet, kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Nairobi. Wateja wanalipa kwa simu, na wengine wanataka risiti ya karatasi. Umenunua printa ndogo ya kushika mkononi. Unawasha Bluetooth, simu inaipata printa, halafu inakuuliza PIN. Hapo vidole huenda vyenyewe kwenye ile PIN tuliyoizoea, ya pesa. Ngoja kwanza!

PIN inayoombwa hapo ni ya printa. Printa na spika nyingi za zamani hutumia 0000 au 1234. Angalia kijitabu kilichokuja nayo. Ukiweka PIN yako ya pesa, printa itaikataa, lakini mtu aliyesimama kaunta huenda ameshaiona.

Fuata hatua hizi:

1. Washa printa na uiweke karibu na simu. Bluetooth ni mawimbi ya redio ya masafa mafupi, kwa kawaida kama mita 10, na haitumii bando.
2. Ingia kwenye Mipangilio, kisha uwashe Bluetooth.
3. Tafuta kifaa kipya, uchague jina la printa yako. Kama majirani nao wana printa, hakikisha jina ni la yako.
4. Weka PIN ya printa. Kwa vifaa vyenye skrini, zinaweza kutokea tarakimu 6 pande zote mbili. Zisipofanana, kataa.
5. Fungua programu ya risiti, chagua printa, uchapishe moja ya kujaribu.

Na kwenye gari je? Umepanda gari la rafiki kwenda tauni na unataka kucheza muziki wako. Simu inaweza kukuuliza kama unaruhusu gari lione majina, namba na meseji zako. Muziki hauhitaji hayo, kwa hivyo kataa. Kuna magari yanayosoma meseji kwa sauti, na meseji ya pesa inataja kiasi ulichopokea na salio lako. Je, ungependa kila aliye ndani asikie?

Kumbuka pia kwamba simu haisahau. Kifaa ulichounganisha mara moja kinaweza kujiunga tena chenyewe kikiwa karibu. Ukishuka, au ukiuza printa, rudi kwenye orodha ya Bluetooth, fungua mipangilio ya kifaa hicho, kisha uchague "Sahau".

Ombi la kuunganisha au faili ambalo hukulitarajia, likatae, hata kama jina linafanana na la mtu unayemjua.

Leo jioni ukifunga duka, fungua orodha hiyo. Kifaa usichokitambua, kiondoe. Na PIN ya pesa? Iweke tu kwenye malipo uliyoyaanzisha au kuyakubali mwenyewe, baada ya kusoma jina na kiasi.