Mtoto Aliyerudishwa Nyumbani Bila Sindano

Somo la robo hii kwa kamati za parokia na marafiki wanaotuchangia

Katika ziara zetu za msimu wa kilimo tulikaa asubuhi nzima kwenye zahanati moja ya mashambani, hapa Tanzania. Walifika akina mama watatu, kila mmoja na mtoto wa miezi tisa, tayari kwa sindano ya surua. Muuguzi alifungua jokofu, akatazama vichupa, akalifunga. Akawaambia kwa upole kabisa: "Mama zangu, leo mko watatu tu. Njooni Alhamisi, ndiyo siku ya surua." Mmoja wao alikuwa ametoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza, kwa miguu. Alimfunga mtoto mgongoni, akaaga, akaondoka. Alhamisi walirudi wawili.

Tumelifikiria sana tukio hilo, kwa sababu hakuna aliyekataa chanjo. Mama aliitaka, dawa ilikuwepo, jokofu lilikuwa linafanya kazi na muuguzi alikuwa kazini. Hata hivyo mtoto alirudi nyumbani bila kinga. Kamati zinapotuandikia kuhusu watoto wasiochanjwa, mara nyingi hutuomba mabango na semina za kuwaelimisha wazazi "wagumu". Wazazi wa namna hiyo wapo, hatukatai. Lakini tunawashauri muutazame mlango wa zahanati kabla ya kuutazama mlango wa mzazi.

Tueleze kwanza kwa nini muuguzi yule alifanya alivyofanya, maana hakuwa mtu mbaya wala mvivu. Chanjo ya surua na rubela huja ikiwa unga mkavu, katika kichupa cha dozi kumi. Ikishachanganywa na maji yake ni lazima itumike ndani ya saa sita, na kinachobaki hutupwa. BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu anayopewa mtoto anapozaliwa, ni hivyo hivyo, na kichupa chake kina dozi 20. Muuguzi aliyefundishwa kutunza mali ya umma, ambaye huulizwa kwa nini dozi nyingi zimemwagwa, hujifunza kusubiri mpaka watoto wajae. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema kinyume chake: fungua kichupa hata kama mtoto ni mmoja. Dozi tisa zilizomwagwa ni hasara, lakini mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Chanjo za maji kama Penta na matone ya polio hazina shida hiyo, kwani kichupa kilichofunguliwa, kikitunzwa ipasavyo kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kinaweza kutumika hadi siku 28.

Kwa nini tunalileta jambo hili sasa? Miaka ya Korona iliacha pengo ambalo bado halijazibwa. Mwaka 2019 watoto 86 katika kila 100 duniani walipata dozi tatu za chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro. Mwaka 2021 walishuka hadi 81. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Gavi walianzisha pamoja na nchi mbalimbali juhudi za kuwarudia watoto waliokosa chanjo katika miaka ile. Kufikia 2024 idadi ilikuwa imepanda hadi 85, lakini katika mwaka huo watoto milioni 14.3 hawakupata hata dozi moja ya chanjo hiyo.

Jirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika wanajua maana ya pengo kama hilo. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 Ebola iliua watu 2,287 mashariki mwa Kongo, na dunia nzima ilisikia. Katika miaka hiyo hiyo surua iliua zaidi ya watu 7,000 nchini humo, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano, na nje ya Kongo ni wachache waliosikia. Chanjo ya surua ipo tangu 1963. Mwaka 2018 serikali ya Kongo ilianzisha mpango wa kufufua chanjo za kawaida, ukapewa jina la marehemu Mashako, aliyewahi kuwa waziri wa afya. Kinachotufundisha katika mpango huo ni maswali yake, ambayo ni ya kawaida mno: Je, siku ya chanjo iliyopangwa ilifanyika kweli? Dawa zilikuwepo? Msimamizi alifika kuangalia?

Sasa tuje parokiani. Kamati ikitaka kuanza, itenganishe watoto wa aina mbili, maana dawa yao si moja. Yupo ambaye hajawahi kufikiwa kabisa, na yupo aliyeanza akaachia njiani. Huyu wa pili ni rahisi kumwona kwa hesabu ndogo. Mwombeni mganga wa zahanati awasomee kutoka kwenye rejesta ni watoto wangapi walipata Penta ya kwanza, inayotolewa mtoto akiwa na wiki sita, na wangapi walipata ya tatu, ya wiki ya 14. Tuseme, kwa mfano tu, ya kwanza walipata 40 na ya tatu 28. Watoto 12 wamepotea njiani, yaani asilimia 30. Ikizidi asilimia 10, wataalamu husema kuna tatizo katika huduma yenyewe. Mama wa mtoto huyu alishakuja mara ya kwanza, kwa hiyo hahitaji kushawishiwa kwamba chanjo ni nzuri. Muulizeni kilichompata alipokuja mara ya mwisho. Majibu tuliyoyasikia sisi ni ya namna hii: nilikuta pamefungwa, niliambiwa dawa imekwisha, nilipoteza kadi nikaogopa kugombezwa, mtoto alikuwa na mafua nikarudishwa.

Hayo mawili ya mwisho yanaumiza kwa sababu hayana msingi. Mafua madogo au kikohozi chepesi si sababu ya kumnyima mtoto chanjo. Na mtoto aliyechelewa haanzi upya. Anaendelea pale alipoishia, hata kama miezi mingi imepita. Baadhi ya chanjo zina ukomo wa umri, lakini huo ni uamuzi wa muuguzi. Mama asijihukumu mwenyewe akabaki nyumbani. Tukiwa na tangazo moja tu la kusoma kanisani mwaka mzima, tungesoma hilo.

Mtoto ambaye hajafikiwa kabisa ni kazi nyingine. Hayumo kwenye rejesta, kwa hiyo rejesta haitamwonyesha. Hapa parokia ina kitu ambacho zahanati haina: daftari la ubatizo, na viongozi wa jumuiya wanaojua nani amejifungua, nani amehamia na nani yuko kwenye kambi ya uvuvi. Linganisheni majina ya watoto waliozaliwa na majina yaliyoko zahanati. Lakini msiishie hapo. Orodha ya ubatizo huacha watoto wa Waislamu, wa madhehebu mengine na wa wasiosali popote, na surua haichagui. Kamati iende pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, mhudumu wa afya wa jamii na watu wa msikitini. Tumeona parokia ikihesabu watoto wake tu na kufurahia matokeo. Hesabu hiyo tunasema wazi haina faida kubwa.

Kuna jambo lingine linalochanganya wazazi, nalo ni kampeni. Februari 2022 Malawi ilitangaza mtoto mwenye polio ya virusi asilia, na mwaka huo nchi za jirani, Tanzania ikiwemo, ziliendesha kampeni za matone nyumba kwa nyumba. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini hadi leo utamkuta mzazi anayesema, "Huyu alishachanjwa, walipita hapa nyumbani." Matone yale yalikuwa ya polio peke yake. Hayakumkinga mtoto na surua, kifaduro, pepopunda wala nimonia. Anayepita nyumba kwa nyumba aombe kuona kadi, asiulize tu "amechanjwa?"

Kwa ndugu zetu wafadhili tuna neno fupi. Chanjo za watoto huletwa na serikali kwa msaada wa Gavi na wengine, na mzazi halipi. Hatuombi fedha za kununua dawa. Kinachokwamisha huduma ya mkoba, ile ya muuguzi kwenda vijiji vya mbali, ni mafuta ya pikipiki, matairi, mtungi wa gesi wa jokofu lisilo na umeme, na chakula cha mchana cha wanaokwenda. Tunajua matairi hayapendezi kwenye picha ya kalenda. Tunawaomba mtuamini nayo, na mtudai taarifa ya siku za mkoba zilizofanyika badala ya picha.

Na yule mama wa tatu? Kamati ya parokia hiyo ilikwenda kuzungumza na mganga wa zahanati, bila kumshitaki mtu. Walikubaliana kwamba anayetoka mbali harudishwi, na kwamba viongozi wa jumuiya watakusanya watoto wa miezi tisa na wa miezi 18, ambao ndio wanaopata dozi ya pili ya surua, wafike pamoja ili kichupa kitumike vizuri. Mhudumu wa jamii alimtafuta mama nyumbani, akakuta mlango umefungwa. Familia ilikuwa imehamia shambani mpaka mavuno. Alipanda baiskeli akawafuata. Mtoto alipata sindano yake akiwa na miezi kumi na moja. Mama alimwambia muuguzi, bila hasira, kwamba alidhani Alhamisi ile ikipita nafasi imepita.

Maswali ya kujadili kwenye kikao

Zahanati yenu hutoa chanjo ya surua siku gani, na ni nani aliyechagua siku hiyo? Je, inagongana na gulio au na siku za shamba?

Penta ya kwanza na ya tatu kwa miezi mitatu iliyopita: mnazo namba hizo, au mnakisia?

Ni familia zipi huhama wakati wa kilimo au uvuvi, na huduma ya mkoba huwafikia huko?

Mtoto wa mwisho kuandikwa kwenye daftari lenu la ubatizo, kadi yake ya kliniki inaonyesha nini? Nani kati yenu atakwenda kuiona wiki hii?