Mto Tana Ulivyohama

Wasomaji wetu wajua ya kuwa Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Hutoka Nyandarua na Mlima Kenya, ukakata nchi kavu hata kufika baharini Kipini. Lakini mlango huo si wake wa asili. Zamani Tana ulitokea kusini zaidi, na Kipini palikuwa mlango wa mto Ozi. Katika karne ya 19 watu wa Witu walichimba mfereji wa Belezoni, mitumbwi ipate kupita baina ya mito hiyo miwili. Mafuriko yakaupanua, na Tana ukahamia huko. Tazameni kazi ya majembe!

Wapokomo hungoja mto ufurike, uache tope lenye rutuba, ndipo wapande mpunga. Waorma nao huteremsha ng'ombe wao huko wakati wa kiangazi. Lakini tangu kujengwa mabwawa ya juu, khasa Masinga lililokamilika mwaka 1981, mafuriko yamepungua, na maji ya chumvi hupanda hata mashambani mwa Ozi. Umeme wa mabwawa hayo twautumia sisi wa mijini. Mkulima wa Ozi amelipwa nini?