Mama Anyonyeshaye na Funga ya Kupunguza Unene

Mama akishajifungua huambiwa, "Mbona umenenepa?" Neno hilo huchoma. Ndipo wengine huenda Kariakoo kununua majani ya chai ya kusafisha mwili, au hushinda siku kadhaa kwa maji ya ndimu tu. Tujifunze mambo matatu.

Kwanza, mwili una wasafishaji wake, ini na figo, nao hufanya kazi usiku na mchana.

Pili, baadhi ya chai hizo zina sanamaki, ambayo huharisha. Mizani hushuka kwa kuwa maji yametoka, wala si mafuta. Tukinywa maji, uzito hurudi.

Tatu, anyonyeshaye huhitaji chakula zaidi, yapata kalori 500 kwa siku. Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza. Mama akijinyima mno, nguvu humwishia, na maziwa huweza kupungua.

Basi tufanyeje? Tule mchicha, maharage, dagaa na matunda, tupunguze soda na maandazi, tutembee. Nusu kilo kwa juma yatosha. Mwenye mashaka aulize kliniki ya mama na mtoto.

Na Kwaresima je? Isaya 58 yatufundisha kwamba funga ni kumgawia mwenye njaa. Kwa mama, mwenye njaa wa kwanza yuko kifuani pake.

Swali la kuzungumza nyumbani: Akina baba, tunamsaidiaje mama apate mlo na usingizi?