Safari ya Meli ya Matembezi na Hukumu Zake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewatiishia waja wake bahari wakapita juu yake kwa majahazi na kwa merikebu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Tumepelekewa masuala na ndugu zetu wa pwani waliohamia Lukenya, katika nchi ya Machakos, kwa ajili ya kazi na kwa kufuata watoto wao. Mmoja wao amestaafu, amepata mafao yake, na watoto wake wamemwomba awachukue wote kwa meli ya kitalii kutoka Mombasa, wapite Unguja na visiwa vingine, kisha warejee. Mzee huyu hajahiji. Anauliza kama safari hii ni halali. Na kama ni halali, vipi atasali ndani yake. Na lipi litangulie, matembezi haya au Hija. Tumeona bora jawabu tuliandike hapa ili wanufaike na wengine, maana suali hili si la mtu mmoja siku hizi.

KWANZA: JE, MATEMBEZI YA BAHARINI NI HALALI?

Jueni ya kwamba asili ya safari ni halali, na kupanda bahari ni neema aliyotukumbusha Mwenyezi Mungu mahali pengi katika Kitabu chake. Tazameni Sura ya Al-Baqara, aya ya 164, vipi merikebu zimehesabiwa pamoja na mbingu na ardhi katika dalili za kuwepo kwake. Na katika Hadithi sahihi, Mtume (S.A.W.) aliota watu wa umma wake wakipanda bahari kama wafalme juu ya viti vyao, naye akafurahi, na Ummu Haram (R.A.) akamtaka amwombee awe miongoni mwao, akamwombea. Bibi huyo alivuka bahari na jeshi lililokwenda Cyprus, akafia huko. Basi asitokee mtu akasema kuwa bahari si mahali pa mcha Mungu, au kuwa mwanamke hana haki ya kuiona. Ila mwanamke asafiri na mumewe au na maharimu wake.

Wala sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa bahari na mtu. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331, akielekea Kilwa, aliwakuta wazee wetu ni Mashafii, watu wa dini, na misikiti yao ya mbao imejengwa kwa ustadi. Walikuwa watu wa jahazi na watu wa sala kwa wakati mmoja. Hilo ndilo tunalolitaka: bahari isitutoe katika dini, wala dini isifanywe kisingizio cha kuogopa bahari.

Hata hivyo, jambo halali laweza kuharamishwa na yale yanayofungamana nalo. Katika meli nyingi za aina hii kuna ukumbi wa kamari, kuna baa, na kuna michezo ya usiku isiyostahiki kutazamwa na Mwislamu pamoja na binti yake. Mtu akiipanda meli kwa kuyafuata hayo, safari yake yote ni maasia. Akiipanda kwa kuburudika na kuona maajabu ya Mungu, akajiepusha na hayo, safari yake ni halali. Na akiwa na hakika kuwa hawezi kujiepusha, wala hawezi kuwazuia walio chini ya mkono wake, basi na abaki Lukenya, atazame mlima wake, na amshukuru Mola wake.

Na tunakanya kwa nguvu zetu zote kukopa kwa riba ili kwenda matembezini. Mtu hukopa kwa dharura ya ugonjwa naye moyo wamdunda. Vipi akope kwa ajili ya kupigwa picha juu ya sitaha ili majirani waone? Vilevile aliye na deni lililokwisha kufika wakati wake haifai asafiri ila kwa idhini ya mwenye deni.

PILI: NJIA YA KUTOKA LUKENYA HADI MELINI

Jambo hili laonekana dogo, lakini limewapotezea watu mali. Lukenya iko kando ya barabara kuu ya Mombasa, na reli iliyofunguliwa mwaka 2017 yapita karibu. Garimoshi lisimamalo vituo vya njiani husimama Athi River, kisha Emali, Mtito Andei, Voi na Mariakani, mpaka Miritini. Basi mtu wa Lukenya hana haja ya ndege. Bandari yake ni Kilindini, na njia yake yaanzia mlangoni kwake. Lakini Miritini si Kilindini, bado kuna mwendo wa gari. Na barabara ina malori mengi. Meli haimngoji mtu. Mwenye akili hufika siku moja kabla, akalala kwa jamaa zake, akapanda meli ametulia.

Na jambo kubwa zaidi ni hili: aulize kabla ya kulipa. Meli nyingi za kitalii zinazofika Kilindini, khasa katika miezi ya kaskazi, hupitia tu. Abiria wake wamepandia mbali, hushuka kwa siku moja kuangalia mji, kisha huondoka. Bandari ya kupitia si bandari ya kuanzia. Katika miaka ya 1990 ilikuwako meli iitwayo Royal Star, iliyofanya Mombasa kuwa ndiyo bandari yake ya kuanzia safari. Lakini mambo ya meli hubadilika kila mwaka. Basi apate kwa maandishi kuwa atapandia Mombasa na kushukia Mombasa, na ajue kama bei imeingiza kodi za bandari na bakhshishi za watumishi. Asisahau pasi, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Mkataba usiojulikana ndani yake mna nini ni ugharari, na sheria yetu imeukataza kabla ya mahakama za leo.

Wako wanaouliza habari za maharamia. Ni kweli kuwa tarehe 5 Novemba 2005 meli Seabourn Spirit, iliyokuwa ikija Mombasa, ilishambuliwa kwa silaha karibu na pwani ya Somalia, ikaokoka, ikaelekea Shelisheli. Na mwaka 1994 meli Achille Lauro iliungua moto pande hizo hizo ikazama. Haya hayakutajwa ili watu waogope, bali wajiandae. Kujiandaa ni kusikiliza mafundisho ya usalama siku ya kwanza, kujua boya lako liko wapi, kuandika wasia, na kulipa amana za watu. Ama kujifunga hirizi, au kutupa chakula na sarafu baharini ili mzimu wa mahali aridhike, hayo si maandalizi. Sura ya Yunus, aya ya 22, yaeleza habari za watu waliozungukwa na mawimbi wakamwomba Mungu peke yake. Na aya inayofuata yawalaumu kwa kuwa walipookoka waligeuka. Sasa itakuwaje kwa yule ambaye hata katikati ya mawimbi hamwombi Mungu peke yake?

TATU: SALA NJIANI NA MELINI

Hapa ndipo penye haja kubwa, na tutafuata madhhab ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya watu wetu.

Safari ya kupunguza sala ni ile ya marhala mbili, nazo ni kama kilomita 80 na kitu. Kutoka Lukenya hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 400. Kwa hivyo msafiri hupunguza tangu avukapo majengo ya mahali pake. Atasali Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili mbili. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Anuie kupunguza wakati wa kuhirimia, na akisali nyuma ya imamu mkaazi, atimize. Anaruhusiwa pia kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha.

Wanavyuoni wetu wameshurutisha kuwa safari iwe na kusudio sahihi na mwisho unaojulikana. Kuburudisha nafsi ni kusudio sahihi; kuzunguka ovyo bila ya kujua waendako siko. Na wametenga baina ya watu wawili. Wa kwanza ni mwenye kuasi kwa safari yake, yaani aliyeondoka kwa ajili ya maasia. Huyu hana ruhusa ya kupunguza wala kukusanya. Wa pili ni mwenye kuasi ndani ya safari, yaani aliondoka kwa jambo la halali, akateleza njiani. Huyu ruhusa yake ipo, na toba ni wajibu juu yake. Basi mwenye kupanda meli na apime nia yake kabla ya kukata tikiti, maana sala zake zote za safari zasimama juu ya nia hiyo.

Ndugu mmoja auliza: akifika Mombasa kwa mama yake, atimize sala? Jawabu: ikiwa amehama kabisa na makazi yake sasa ni Lukenya, kuwa na jamaa au nyumba Mombasa hakumfanyi mkaazi. Mtume (S.A.W.) na Muhajirina walipunguza sala Makka, na jamaa zao wako pale. Ila akinuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, atatimiza. Na ikiwa meli imechelewa, kila siku yaambiwa itakuja kesho, atapunguza mpaka siku kumi na nane. Vitabu vyetu vimelitaja jambo hili kwa mfano wa mtu aliyezuiwa na upepo bandarini. Tazameni jinsi wazee wa elimu walivyoyajua mashaka ya msafiri wa bahari!

Na atokaye siku ya Ijumaa, naye ni mkaazi wa mahali panaposaliwa Ijumaa, asiondoke baada ya Alfajiri ila akiwa na hakika ya kuipata Ijumaa njiani, au akidhurika kwa kuachwa na wenziwe.

Ama kibla, Mwenyezi Mungu ametusahilishia. Makka na Mombasa ziko karibu katika mstari mmoja. Kibla cha Mombasa na cha Unguja ni kaskazini. Cha Lukenya ni kaskazini pia, kikielemea mashariki kidogo. Kwa hivyo meli ikitoka Kilindini kwenda Unguja, kibla kiko upande wa tezi. Ikirudi, kiko upande wa omo. Ukifika Shelisheli, kibla ni kaskazini magharibi. Ukihirimia na meli ikageuka, geuka nayo, uendelee na sala yako. Sala ya faradhi husaliwa kwa kusimama. Akiogopa kizunguzungu au kuanguka, atasali kwa kukaa, wala hairudii. Na maji ya bahari yafaa kwa udhu bila shaka yoyote, na samaki wake ni halali, Mtume (S.A.W.) aliulizwa na mabaharia akawajibu hivyo. Ama vyakula vingine vya melini, auliziwe mpishi: nyama imechinjwa na nani, na mchuzi umetiwa mvinyo au la. Kuuliza si aibu.

NNE: MATEMBEZI AU HIJA?

Sasa tuje kwenye moyo wa suali. Madhhab ya Shafii yasema Hija ni wajibu mara moja katika umri, na mwenye uwezo anaruhusiwa kuiakhirisha, kwa sharti aazimie kuitekeleza. Maimamu wengine, kama Ahmad, wasema iharakishwe tangu mwaka wa kwanza wa uwezo. Huenda mzee wetu akafurahi kusikia kuwa Imamu wake amempa nafasi. Lakini asisome nusu ya ukurasa. Shafii hao hao wanasema: anayeogopa kuwa uzee au maradhi yatamlemaza, ni wajibu aharakishe; na akifa naye aliweza asihiji, amekufa ni mwasi, na Hija hutolewa katika mali yake kabla ya kurithiwa.

Basi na tumuulize mzee kwa heshima: baba, magoti yako yasema nini unapopanda ngazi? Mali iliyopo ni moja, yatosha jambo moja. Wazee waliotutangulia walitoka pwani hii kwa jahazi, wakapita Aden, wakafika Jeddah baada ya siku nyingi za jua na kiu, na wengine hawakurudi. Leo ni ndege ya saa chache. Itakuwa udhuru gani mbele ya Mola wetu, mtu aliyeweza kuzunguka visiwa kwa wiki nzima akasema Makka ilikuwa mbali?

Na nyinyi vijana mliomwomba baba yenu, mnampenda, nasi hatuna shaka na hilo. Mapenzi yenu yaonekane katika kumwambia: baba, tangulia Hija; sisi tutachanga, na urudipo salama tutakuchukua Mombasa kwa fedha zetu, hata kama ni kwa siku moja tu ya mashua baina ya Mji wa Kale na Mtwapa. Siku hiyo ya mashua, kwa fedha isiyo na riba na pamoja na baba aliyekwisha tekeleza nguzo yake, ni bora kuliko merikebu yenye ghorofa kumi.

Na mwenye kuhiji, asiye na deni, akawa na wasaa, na nia yake ni safi, tunamwambia: nenda, chukua watu wako, ona ufalme wa Mungu baharini, na sali kwa wakati. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awawafikie ndugu zetu wa Lukenya na sisi sote, na awarejeshe wasafiri wetu wa bara na bahari kwa salama. Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi.