Kumshughulisha Mtoto Mdogo Katika Safari Ndefu ya Ndege

Somo hili limeandaliwa kwa wazazi na walezi wanaosafiri na watoto wenye umri wa chini ya miaka 6, hususan jamaa zetu wanaoondoka au kupitia Doha wakielekea Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi, Mombasa au Entebbe, na wale wanaotoka huko kwenda Ulaya na Amerika. Kutoka Doha hadi Dar es Salaam ni mwendo wa saa 6 hivi angani. Hadi London ni kama saa 7. Hadi Chicago ni zaidi ya saa 14. Mtu mzima huzivumilia saa hizo kwa sababu anajua zitakwisha. Mtoto wa miaka 2 hajui zitakwisha lini, wala haelewi kwa nini amefungwa mkanda ilhali miguu yake ni mizima.

Kiswahili kina vitenzi vitatu ambavyo aghalabu tunavichanganya: kumnyamazisha mtoto, kumtuliza, na kumshughulisha. Kumnyamazisha ni kuizuia sauti yake isiwafikie wengine. Kumtuliza ni kuondoa jambo linalomsumbua. Kumshughulisha ni kuipa akili yake na mikono yake kazi ya kufanya. Mzazi anayeona haya mbele ya abiria wenzake hukimbilia lile la kwanza, na hatari huanzia hapo.

Dawa ya kulevya usingizi isipewe nafasi

Wapo wazazi wanaoshauriwa na jamaa, kwa nia njema kabisa, wampe mtoto kijiko cha dawa ya mafua au ya mzio kabla ya kupanda ndege ili alale njia nzima. Ushauri huu haufai kufuatwa. Dawa hizo hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, na kipimo kinachomlaza mtoto mmoja kinaweza kumdhuru mwingine. Miongoni mwazo imo promethazini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Phenergan. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kwamba asipewe mtoto aliye chini ya miaka 2, kwa kuwa inaweza kuzorotesha pumzi yake hata akafa. Lipo pia jambo ambalo wazazi wengi hawalitarajii: baadhi ya watoto dawa hizi hazilazi bali huwachachamaza, na mzazi akajikuta na mtoto mwenye usingizi na hasira kwa pamoja.

Angani hatari hiyo haipungui. Shinikizo la hewa ndani ya ndege hulingana na lile la mahali penye kimo cha mita 1,800 hadi 2,400, yaani kimo cha Nairobi au kuzidi, na oksijeni ni kidogo kuliko pwani. Mtoto mwenye afya huimudu hali hiyo bila tatizo. Mtoto aliyeleweshwa dawa, akalala kichwa kimeinama kifuani, hayumo katika hali hiyo hiyo. Mtoto mwenye selimundu, maradhi ya moyo au ya mapafu apelekwe kwa daktari kabla hata ya kukata tiketi.

Dawa ya maumivu au homa mtoto anaweza kupewa anapoumwa kweli, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake. Anayepitia Qatar akumbuke pia kwamba dawa zenye kodeini, zikiwemo baadhi za kikohozi, zimewekewa udhibiti wa kisheria. Kama ni lazima kubeba dawa ya namna hiyo, ibebwe pamoja na cheti cha daktari.

Kwanza tazama mwili

Mtoto akianza kulia ndani ya ndege, mchezo si jibu la kwanza. Uliza mwili wake: nepi, kiu, njaa, joto, baridi, masikio. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu mno, unyevu wake mara nyingi huwa chini ya asilimia 20, na midomo ya mtoto hukauka kabla hajajua kusema ana kiu. Mpe maji kidogo kidogo, au umnyonyeshe mara nyingi zaidi kuliko desturi. Kanuni ya mililita 100 katika ukaguzi hailengi maziwa na chakula cha mtoto kwa kiasi cha safari, ingawa mkaguzi anaweza kutaka kuvichunguza. Soda na sharubati tamu ziachwe nyumbani. Humpa nguvu asiyokuwa na pa kuitumia.

Kuhusu vitafunio, tuseme wazi. Njugu, korosho, pipi ngumu na ubuyu ule wa mbegu tunaoupenda sana Zanzibar na Mombasa visipewe mtoto wa chini ya miaka 5, kwani humkaba kooni, na angani hospitali iko mbali. Tende ni chakula kizuri cha safari, ila itolewe kokwa na kukatwa vipande vidogo. Zabibu mbichi zikatwe kwa urefu.

Hesabu ya saa

Saa 6 zinatisha zikitazamwa kwa pamoja. Zigawe. Kuruka na kutulia angani huchukua nusu saa, chakula na usafi karibu saa 1, usingizi saa 1 na nusu au 2, na kushuka nusu saa nyingine. Zinazobaki, ambazo mzazi hana budi kuzijaza, ni saa 2 au 2 na nusu. Mtoto wa miaka 2 hudumu na jambo moja dakika chache tu. Wa miaka 5 hufika robo saa au zaidi akipendezwa. Kwa hiyo kinachohitajika ni mambo madogo mengi, yatolewe moja baada ya jingine. Kosa linaloonekana mara nyingi ni la kumwaga vitu vyote mezani kabla ndege haijaondoka langoni. Kifaa kilichofichwa kikatokea saa ya nne kina thamani ya vitano vilivyoonekana tangu mwanzo.

Neno moja kuhusu saa yenyewe. Ndege nyingi za Doha huondoka usiku wa manane. Tiketi ikiandika 02:00 ya Jumatano, hiyo ni saa nane usiku wa kuamkia Jumatano, nanyi mtafika uwanjani Jumanne usiku. Jioni hiyo mtoto aoge, ale, avae nguo za kulalia na apande ndege akiwa tayari kwa usingizi, kama vile anakwenda kitandani kwake.

Mkoba wa mtoto

Si lazima kununua chochote. Anza na leso, au kanga kama waitavyo wengine. Kwa mtoto wa miezi 8 ni pazia la kujificha uso na kuibuka. Kwa wa miaka 2 ni kitambaa cha kufunga fundo na kufungua, na cha kumbeba mwanasesere mgongoni. Kwa wa miaka 4, mwambie afuate pindo kwa kidole pande zote nne bila kuruka, kisha atafute mjini rangi tatu na azitaje. Wa miaka 5 au 6 anayejifunza kusoma atafute herufi za jina lake ndani ya jina la kanga. Usiku leso hiyo hiyo ni shuka, na mama anayenyonyesha hujistiri nayo. Haina kelele, haivunjiki, wala haiviringiki chini ya kiti cha mtu.

Ongeza karatasi, kalamu za rangi tatu au nne, na vitabu viwili vya picha. Karatasi ni za kuchora, na pia za kukunja ndege na mashua. Mtoto wa miaka 5 na kuendelea anaweza kufundishwa kusuka vipande vitatu vya kitambaa namna bibi zetu wanavyosuka ukili wa mkeka. Kazi hiyo humshika muda mrefu kuliko mtu anavyodhani. Nyuzi na vipande virefu visiachwe mikononi mwa mdogo zaidi, na shanga au vifungo visiletwe kabisa.

Mchoro uwe na mtu wa kupelekewa. Mtoto anayeambiwa "chora" huchoka upesi. Anayeambiwa "tumchoree bibi tulichokiona dirishani" huchora, akaongeza, akauliza. Kila baada ya saa moja achore ukurasa mmoja. Mkifika atakuwa na kitabu cha safari cha kumkabidhi bibi kwa mikono yake, na hilo litamsaidia pia kuuvunja ugeni kwa mtu ambaye pengine amemwona katika simu tu.

Vilivyo bora zaidi havihitaji mkoba. Hadithi za Sungura na Fisi, au za Abunuwasi, zisimulieni kwa vipande: simamisha pale Sungura anaponaswa, sema kitakachofuata kitasikika baada ya chakula, na usivunje ahadi. Semeni kwa sauti ya chini, "Paukwa!" naye ajibu, "Pakawa!" Kunong'ona kwenyewe ni mchezo.

Vitendawili navyo vinafaa mno angani kwa sababu ya ada yake: aliyeshindwa kutegua hutoa mji. Katika ndege miji iko mbele ya mtoto, kwenye ramani ya kioo cha kiti. Akishindwa, achague mji katika ramani akupe. Ukishindwa wewe, akudai. Tungeni vyenu kutokana na mnavyoviona. *Ananikumbatia kiunoni wala hana mikono*: mkanda. *Shamba la pamba lisilo na mkulima*: mawingu. *Nyumba yetu ina watu mia tatu, haina ua wala jirani*: ndege yenyewe. Watoto wanaokulia ughaibuni hupata hapa saa kadhaa za Kiswahili kitupu, jambo ambalo nyumbani kwenye shughuli nyingi ni adimu. Huo ni mtazamo wa mfasiri, lakini wataalamu wa lugha za watoto hawatamkatalia.

Familia za Kiislamu zinaweza kumfundisha mtoto dua ya safari kwa vipande katika wiki ya kabla ya kuondoka, ili siku yenyewe awe yeye wa kuwaongoza wengine. Familia za Kikristo zina sala na nyimbo zao. Mtoto aliyepewa kazi ya kuanza safari huanza kwa utulivu. Wiki hiyo hiyo panga viti viwili sebuleni, mfunge mkanda, mwe abiria na mhudumu. Kinachoigizwa nyumbani hakimshtui angani.

Doha ni mahali pa kutumia miguu

Wanaobadilisha ndege hukaa saa kadhaa katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Hamad, uliofunguliwa mwaka 2014. Muda huo ni wa mwili wa mtoto kabla ya kuwa wa maduka. Ukumbini kuna dubu mkubwa wa manjano mwenye kimo cha mita 7, kazi ya msanii Urs Fischer, aliyeketi na taa kichwani. Watoto humtambua tangu mbali. Ziko sanamu za shaba za Tom Otterness zilizotengenezwa ili watoto wazipande na kuteleza. Ipo pia bustani ya ndani iliyofunguliwa mwaka 2022, yenye miti zaidi ya 300. Mpangilio mzuri ni choo na nepi, kisha maji, kisha kukimbia, na chakula mwisho. Kabla ya kumwachia mkono, mpige picha kwa simu ili nguo alizovaa siku hiyo zionekane, na uweke mfukoni mwake karatasi yenye namba yako. Uwanja ni mpana na umati haukatiki.

Skrini

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asitazame skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Siku ya safari si siku ya kawaida, na mzazi asijilaumu kipimo kikizidi kidogo. Ila skrini iwekwe akiba. Ikianza mapema, hakuna kitakachoonekana kitamu baada yake. Visikizio viwe vya ukubwa wa mtoto na sauti ipimwe na mzazi kwa sikio lake mwenyewe, kwa sababu mngurumo wa injini humfanya mtoto aiongeze bila kujua.

Mkanda, njia ya katikati, na kushuka

Taa ya mkanda ikizimwa, tembea naye hadi nyuma na kurudi. Ikiwaka, arudi kitini hata kama analia; mtikisiko wa ghafla humrusha mtoto aliyesimama. Asilazwe sakafuni. Anayepakatwa aulizwe mhudumu kama upo mkanda wake mdogo wa kuunganishwa na wa mzazi.

Ndege huanza kushuka takriban nusu saa kabla ya kutua, na masikio huuma zaidi wakati huo kuliko wakati wa kupaa. Mwamshe aliyelala. Mpe titi, chupa au kikombe, aketi wima, ameze mara kwa mara. Mkubwa apige miayo kwa kuigiza simba. Kilio chake hapa ni cha maumivu, nacho pia humsaidia kufungua masikio, basi usimzibe mdomo.

Saa ya Doha na ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni moja, hivyo anayetoka Doha hulala na kuamka kama kawaida. Anayetoka Chicago amepishana na saa hizo kwa saa 8 au 9, kutegemea msimu. Asubuhi ya kwanza mtoe nje kwenye mwanga, usingizi wa mchana uwe mfupi, na jamaa waombwe kuacha karamu ya ukaribisho hadi siku ya pili.