Ninavyokula Nikitafuta Mtoto, Nikiwa na PCOS na Uvimbe Kwenye Kizazi

Hapa Dar es Salaam, mwanamke akichelewa kupata mtoto, kila mtu anakuwa na ushauri wa chakula. Wifi anakwambia uchemshe uwatu. Jirani anakuletea unga wa mlonge. Kwenye kundi la WhatsApp kuna anayeuza chupa ya kuyeyusha uvimbe na kusafisha kizazi, na anakuhakikishia kuwa baada ya chupa tatu utanasa. Nimepitia yote hayo. Naandika kwa sababu chakula kimenisaidia kweli, ila kimenisaidia katika mambo fulani tu, na nataka dada anayeanza kutafuta ayajue mapema, fedha yake iende panapostahili.

Kwanza, jua una nini. Mimi nina matatizo mawili. La kwanza ni la homoni, linaitwa PCOS: mayai hayapevuki kila mwezi, hedhi inaruka, ndevu mbili tatu zinaota kidevuni na chunusi haziishi. La pili ni uvimbe kwenye kizazi, faibroidi kama tunavyoziita. Ninazo mbili, moja imeota kwa nje na nyingine imo kwenye nyama ya ukuta wa kizazi, bila kuingia mahali anapokaa mtoto. Watu huyachanganya matatizo haya mawili, na wauza dawa huyachanganya makusudi. Vile vidogo vidogo vinavyoonekana kwenye ovari ukipigwa altrasaundi ya PCOS si uvimbe wa kukatwa. Ni vijifuko vya mayai yaliyoishia njiani. Faibroidi ni nyama iliyoota kwenye msuli wa kizazi. Chanzo ni tofauti, tiba ni tofauti, na hata mchango wa chakula ni tofauti.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba PCOS inawapata kati ya asilimia 10 na 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajui. Kwa hiyo kama hedhi yako inakuja inapotaka, usikubali kuambiwa ni hali ya hewa au mawazo. Omba altrasaundi, kipimo cha homoni pamoja na homoni ya tezi ya shingo na prolaktini (hizi mbili zikivurugika huweza kuleta dalili zinazofanana na za PCOS), kipimo cha sukari, na wingi wa damu. Karatasi ya majibu ndiyo inayokuambia upike nini.

Sasa niseme kwa nini chakula kina nguvu upande wa PCOS. Wengi wetu wenye tatizo hili, wanene kwa wembamba, miili yetu haiitikii vizuri insulini, ile homoni inayoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini. Kongosho linapoona sukari haishuki, linamwaga insulini zaidi. Insulini ikizidi, inazichochea ovari kutengeneza homoni za kiume kwa wingi, na yai linashindwa kukomaa. Yai lisipokomaa halitoki, na lisipotoka hakuna mimba, hata mkikutana kila siku. Ndiyo maana sahani ya wali inaweza kugusa hedhi ya mwezi ujao. Nilipolielewa hilo, niliacha kutafuta chakula cha kuongeza mayai. Nikaanza kutafuta namna ya kula bila kuirusha sukari.

Nilianza na asubuhi, kwa sababu ndipo mambo yalipokuwa mabaya zaidi: chai ya maziwa yenye sukari, chapati mbili au vitumbua, na kufika saa nne njaa inauma tena. Sasa nakula mayai mawili, au maharage au kunde zilizobaki jana, parachichi nusu, na kipande cha kiazi kitamu au gimbi. Chai nimeibakiza ya tangawizi na mdalasini, bila sukari, na naichelewesha kidogo kwa sababu nitakayoieleza chini. Mwanzoni ulimi ulikataa. Niliipunguza sukari kijiko kwa kijiko, na leo chai ya sukari inanishinda kuimaliza.

Mchana na usiku sikuacha ugali wala wali. Hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni, maana kuna wanaotuambia tuache wanga kabisa, tule nyama na siagi. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS uliotolewa mwaka 2023 hausemi kwamba upo mlo mmoja unaoishinda mingine yote. Mlo mzuri ni ule utakaouweza mwaka mzima, kwa bei ya soko lako. Mimi nilibadili kipimo. Ugali wangu unalingana na ngumi yangu. Nusu ya sahani ni mboga: mchicha, matembele, kisamvu, bamia, kabichi. Robo inayobaki ni samaki, dagaa, kuku, maharage, choroko au mbaazi. Sembe nimeibadilisha kwa dona, kwa kuwa dona ina pumba na kiini cha mahindi, inashibisha mapema. Lakini dona ya mlima mzima bado ni wanga wa mlima mzima. Vivyo hivyo uji wa ulezi, ambao watu wanausifu sana. Ulezi ni mzuri, ila ukisagwa laini kama vumbi, ukapikwa mwepesi na kutiwa sukari, unaingia kwenye damu haraka. Mimi naupika mzito, natia maziwa ya mtindi na karanga za kusaga.

Tatizo kubwa lilikuwa sinia. Nyumbani kwetu tunakula pamoja, mama mkwe yupo, watoto wa shemeji wapo, na huwezi kukaa pembeni na kisahani chako kama mgonjwa. Dawa yake nikaipata kwenye mpangilio wa kula. Naanza na mboga na kitoweo, wali nauingiza mwishoni. Tafiti zimeonyesha kuwa mtu akitanguliza mboga na protini, sukari inapanda taratibu kuliko akianza na wanga. Mama aliona siku ya kwanza akaniuliza, “Mwanangu, wali umekukosea nini?” Nikamwambia, “Haujanikosea mama, nautanguliza mchicha.” Siku hizi yeye ndiye anayenisogezea bakuli la mboga. Baada ya chakula cha usiku tunatembea na mume wangu dakika 15 hivi, mpaka dukani na kurudi. Msuli unaofanya kazi unakula sukari bila kusubiri insulini nyingi, na hayo ndiyo matembezi yenye faida kuliko yale ya Jumamosi peke yake.

Juisi niliziacha, hata za matunda halisi. Embe nalila, silinywi. Soda ni hivyo hivyo. Na Ramadhani, kwenye futari, nachukua vitamu vichache, naanza na tende mbili na supu, tambi na kaimati nawaachia wenye miili inayoviweza.

Kuhusu uzito: kama una kilo za ziada, huhitaji kuwa mwembamba. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunatosha kwa wengi kurudisha upevukaji wa mayai. Mwenye kilo 80, hizo ni kilo 4 hadi 8. Na kama wewe ni mwembamba mwenye PCOS, usijikondeshe, kwani kukonda kupita kiasi nako kunasimamisha hedhi. Wewe rekebisha sahani tu.

Upande wa damu ndio ambao wengi hatuupi uzito. Mayai yasipopevuka kwa miezi, utando wa kizazi unajijenga tu bila kudondoka, na siku hedhi ikija inakuja kwa mafuriko na mabonge. Ukiongeza na faibroidi, unaweza kubadilisha kitambaa kila saa. Kipimo changu cha damu kilisoma 9, wakati kwa mwanamke asiye mjamzito chini ya 12 ni upungufu. Na dalili nilikuwa nayo mkononi: nilikuwa natafuna udongo wa pemba, ule wa vipande vinavyouzwa sokoni kwa mafungu. Nilikuwa na kimfuko chake ndani ya mkoba, nikiingia kwenye daladala natoa kipande, harufu yake ya mvua ya kwanza inanituliza. Hamu hiyo mara nyingi ni ishara ya kukosa madini ya chuma, na ubaya wake udongo wenyewe unazuia chuma kunyonywa tumboni. Dada yangu, kama unatafuna udongo, barafu au mchele mbichi, kapime damu wiki hii.

Daktari alinipa vidonge vya chuma, kwa kuwa kwa kiwango kile chakula peke yake kisingetosha. Chakula kinalinda kile ambacho vidonge vimejaza. Nyama nyekundu na dagaa vina chuma kinachonyonywa kwa urahisi. Maharage, choroko na mboga za majani vina chuma kigumu kidogo kunyonywa, nacho kinahitaji vitamini C, kwa hiyo nakamulia limau kwenye mboga au nakula chungwa papo hapo. Na hapa ndipo chai inapoingia: chai ya rangi au ya maziwa ukiinywa pamoja na chakula inazuia chuma. Ngoja saa moja baada ya kula ndipo uinywe. Maini nayala mara moja moja tu, maana yana vitamini A nyingi, na ikizidi inaweza kumdhuru mtoto katika wiki za mwanzo, wakati mwenyewe hujajua kama una mimba.

Kuna kidonge kimoja ambacho hakuna mchicha unaoweza kuchukua nafasi yake: asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Uti wa mgongo wa mtoto unafunga ndani ya wiki nne za kwanza tangu mimba kutungwa. Sisi ambao hedhi zetu zinaruka, mara nyingi tunagundua mimba wakati hizo wiki zimeshapita. Wale watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi wanaofanyiwa upasuaji kule Taasisi ya Mifupa ya MOI, Muhimbili, baadhi yao wangekingwa na kidonge hiki. Kama una kisukari, au uliwahi kupata mtoto mwenye tatizo hilo, dozi yako ni kubwa zaidi, muulize daktari. Na kama unatumia kwa muda mrefu metformini, dawa ya sukari ambayo baadhi yetu wenye PCOS hupewa, kula mayai, samaki na maziwa na uombe kupimwa vitamini B12, kwani dawa hiyo huipunguza.

Sasa upande ambao chakula hakiwezi. Hakuna mlo, mbegu, mzizi wala chupa inayoyeyusha faibroidi. Faibroidi zinalelewa na homoni za kike, estrojeni na projesteroni, na nyingi zinasinyaa zenyewe baada ya kukoma hedhi. Kinachoamua hatima ya mimba zaidi ni mahali ilipo. Iliyoota kwa nje mara nyingi haizuii mimba. Iliyojitokeza ndani ya kizazi, mahali pa mtoto, ndiyo inayosumbua, na hiyo mara nyingi inahitaji kuondolewa na mtaalamu. Zangu daktari amesema tuziangalie tu. Nimeambiwa pia niache kuku wa kisasa kwa sababu ya uvimbe, lakini si na daktari wangu, kwa hiyo namla wa kuchemsha na dhamiri yangu ni nyeupe.

Kizazi nacho hakisafishwi kwa mvuke wala kwa vidonge vya kuingiza ukeni. Hedhi ndiyo usafi wake. Vile vya kuingiza vinaweza kukuletea maambukizi, na maambukizi yakipanda yanaziba mirija, ambalo ni tatizo jipya juu ya yale uliyonayo.

Kuhusu siku za kukutana, usihesabu siku ya 14 kama mzunguko wako ni wa siku 40. Angalia ute wa ukeni: ukiwa mwepesi na unavutika kama ute wa yai bichi, yai liko karibu kutoka, kutaneni siku hizo. Hata hivyo, kwa mzunguko mrefu msitegemee ute peke yake, siku nyingine kutaneni kila baada ya siku mbili tatu.

Mimi bado natafuta. Hedhi yangu sasa inajulikana inakuja lini, damu imevuka 12, na mwezi huu nimeanza letrozoli, dawa ambayo mwongozo ule wa 2023 unaitaja kuwa ya kwanza kutumika kupevusha mayai kwa wenye PCOS. Daktari ameniambia niendelee na sahani yangu hiyo hiyo.

Kama una chini ya miaka 35 na mmetafuta mwaka mzima bila kinga, nendeni hospitali. Ukiwa na 35 au zaidi, ni miezi sita. Hedhi ikiwa inaruka, usisubiri hata huo muda. Na mnapokwenda, nendeni wawili, kwa sababu tatizo huwa la mwanaume pia mara nyingi sana, na kipimo cha mbegu ni rahisi, hakina maumivu, kifanyike mapema kabla hujaanza kumeza dawa za mwezi baada ya mwezi.