Ngoma Isiyofundishwa Hufa

Mtu atokaye Gatina, katika Kawangware, kwenda Thogoto hana safari ndefu. Wamisionari kutoka Uskoti walifika huko mwaka 1898, na jina Thogoto ni neno la Waskoti kwa matamshi ya Kikuyu.

Alama yao haikubaki katika jina tu. Katika miaka ya 1930 na 1940 vijana wa Kikuyu walichanganya ngoma zao na hatua za Kizungu, zikiwamo za Waskoti, ikazaliwa mwomboko. Huchezwa kwa kodiani na karing'aring'a, yaani pete ya chuma igongwayo kwa chuma. Mwanamume na mwanamke hushikana, huenda hatua mbili, kisha huinama na kugeuka.

Waskoti nao waliogopa ngoma zao zisije zikapotea. Mwaka 1923 walianzisha chama mjini Glasgow. Hatua zikaandikwa, walimu wakafunzwa, na leo zinachezwa katika nchi nyingi.

Wajuao mwomboko wengi ni wazee. Kitabu huhifadhi hatua, lakini mguu hufunzwa na mguu. Basi kila mzee na amshike mjukuu wake mkono kungali mapema.